Muuza Nyama Anatafuta Chama cha Wanyama

3 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, kwa hiyo nimeitikia kabisa, tusipoteze karatasi.

Sisi tunapumua. Goti la mkazamjomba wako limeanza tena kulalamika, lakini mdomo wake ni mzima, usiwe na wasiwasi. Mama yako alikuja Jumapili. Alikagua mapazia, akakagua sufuria, akanikagua na mimi, akasema nimekonda. Nikamwambia mtu akifunga bucha lazima akonde, maana hakuna tena vipande vya pembeni vya kurudi navyo nyumbani.

Ndiyo, umesoma vizuri. Nimefunga. Kulabu nimewagawia wenzangu wa sokoni, msumeno wa mifupa kachukua seremala, sijui atakatia nini na sitaki kujua. Kilichobaki ni jengo lenyewe: vyumba viwili, baraza pana yenye paa la bati, bomba la maji na tangi kubwa nyuma. Unalikumbuka, liko pale pale malori ya mifugo yanapopunguza mwendo kuingia mnadani.

Sasa shika kiti. Jengo hilo sitaki kuliuza wala kulipangisha. Nataka kulikabidhi kwa chama kinachotunza wanyama. Nimeacha nafasi hapa chini ya wewe kucheka.

 

Umemaliza? Haya. Wewe uko mji mkubwa, na kiwanda chenu kinachapa vipeperushi vya kila chama kilicho hai. Nitafutie kimoja. Sharti langu ni moja tu, kiwe cha watu watulivu. Sitaki wanaomwaga rangi milangoni mwa watu, wala wanaovunja makufuli, wala wanaomtukana mtu mama yake kwa sababu ya kilichomo kwenye sahani yake.

Na lile kundi lako je? Lile la mwaka jana, lililonitumia karatasi iliyoandikwa MUUZA NYAMA NI MUUAJI, na wewe ukaongeza chini kwa mkono wako, "Salamu kwa mkazamjomba." Karatasi ilikuwa nzuri sana, nzito, haivuji. Nilifungia maini. Hao ni watu wa amani, au niwaache?

Nijibu kwa barua. Simu ameiteka mkazamjomba wako, na huongea nayo kwa kipaza sauti mpaka jirani anachangia hoja.

Mjomba wako

* * *

26 Februari

Shikamoo Mjomba, ingawa umeshaitikia,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta palipochapwa vibaya. Kazi yangu ni hiyo, kukagua kurasa kabla hazijaingia mashineni, na nimezoea kukuta "harusi" imeandikwa "hasara". Nikadhani na wewe ulitaka kuandika chama cha wauza nyama, ukateleza.

Mimi ni mzima. Chumba bado nagawana na yule mwenzangu wa kitengo cha kujalidi vitabu. Amejiunga na kwaya na anafanya mazoezi akiwa amelala kitandani, sauti ya tatu peke yake, kwa hiyo nyimbo zote nazijua katikati tu. Msimamizi wetu ametuletea mashine mpya ya kukata karatasi. Anaipangusa kwa leso yake mwenyewe. Mkewe akijua ataomba talaka. Mwambie mkazamjomba goti alikande kwa maji ya moto na aache kupanda kwenye viti kufuta madirisha. Najua anapanda.

Haya, chama. Jumamosi nilikwenda kwa wale wakubwa, wenye kalenda ya paka ambayo tunaichapa sisi kila mwaka. Ofisi yote ni vioo. Kulikuwa na viti viwili vya wageni, na kila kimoja kina paka amelala, basi nikaambiwa nisimame nisiwasumbue. Bibi mmoja mwenye miwani ya mnyororo akanisikiliza vizuri sana, akaandika: jengo, bomba, tangi, baraza. Akauliza, "Na mjomba wako anafanya kazi gani?"

"Muuza nyama," nikasema. "Mstaafu."

Mjomba, akaifunga kalamu. Akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Akasema labda ungependa kuwasaidia kwa njia nyingine, bila jina lako kutajwa. Nikamwambia jina la bucha limepakwa ukutani kwa herufi zenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Tukaagana.

Nitaendelea kutafuta. Lakini niambie, kwa nini? Miaka yote ulinicheka nilipokataa nyama, ukaniita Sungura mbele ya wageni. Leo umepatwa na nini?

Mpwa wako, Sungura

* * *

20 Machi

Sungura wangu,

Mkazamjomba wako amecheka kisa cha kalamu mpaka goti likapona, likauma tena alipoacha. Sasa kila nikiomba chai anafunga kifuniko cha kitu chochote kilicho karibu, anakiweka mezani polepole, ananiambia nitumie njia nyingine.

Mama yako amepata habari za jengo. Sijui nani kamwambia, ila namshuku mtu mwenye simu yenye kipaza sauti. Amekuja juu. Anasema ndugu yake amechanganyikiwa, anawapa ng'ombe urithi wakati ana mpwa anayelala chumba kimoja na kwaya. Anataka bucha liwe lako, ufungue duka la kuchapa kadi. Kwa hiyo nakuuliza wazi: ukilitaka, sema, nitakupa na kinyongo sina. Usijibu kwa adabu. Jibu kweli.

Kwa nini nataka kufanya hivi? Umri, mpwa wangu. Mtu akifika umri fulani anapenda mambo mapya. Mwenzangu wa mtaa wa pili amenunua kinanda.

Lakini nami nimeona kitu. Nilikuuliza kuhusu lile kundi lako, nawe ukanijibu habari za paka, miwani na mashine ya kukata karatasi. Mimi nimesimama nyuma ya mizani zaidi ya miaka thelathini. Namjua mteja anayesifia figo, anasifia mbavu, anauliza hali ya watoto, yote kwa sababu hataki nione kwamba hana kitu mfukoni. Una nini mfukoni, Sungura?

Mjomba wako

* * *

2 Mei

Mjomba, shikamoo,

Nimechelewa, najua. Kiwandani tulikuwa na vitabu vya shule, kurasa zinakuja mbio kuliko macho yangu. Mwenzangu wa chumba ameachwa na kwaya, au yeye ndiye kaiacha, inategemea siku unayomuuliza. Nilikuwa na mafua, yamekwisha.

Jengo silitaki. Hilo ni jibu la kweli, halina adabu ndani yake. Mwambie mama asante, na kwamba duka la kadi pale mnadani lingepata wateja wenye kwato tu.

Nadhani nimepata watu wako. Wana chumba kimoja nyuma ya gereji ya kuziba pancha, na ukiongea nao lazima usubiri upepo uishe kwenye tairi. Kiongozi wao ni daktari wa mifugo aliyestaafu, mama mfupi mwenye mabuti ya mpira, wote wanamwita Daktari. Wako saba. Hawana kalenda wala kipaza sauti. Wanatengeneza mabirika kwenye njia za mifugo, wanatibu punda wenye vidonda vya hatamu, na wanakwenda kwenye machinjio kuwafundisha wachinjaji namna ya kumaliza kazi haraka bila kumtesa mnyama. Nilipomwambia Daktari kwamba wewe ni muuza nyama, alivuta kiti karibu. Akasema, "Huyo anajua wanyama wanaumia wapi. Wengine inabidi tuwafundishe."

Aliuliza kama maji ya bomba lako yanatoka kila siku. Kisha akauliza kwa nini unataka kutoa. Nikasema umri. Akanitazama kama wewe unavyomtazama mteja wa figo. Akasema atakuja kuliona jengo, lakini kwanza angependa kulijua jibu, kwa sababu watu huwa wanatoa kitu leo, kesho wanakuja kukichukua, na mara nyingi tofauti huwa kwenye sababu.

Lile kundi langu nimeliacha tangu mwaka jana. Tusilizungumzie.

Mpwa wako

* * *

19 Mei

Mpwa wangu,

Tunaendelea vizuri. Mama yako amepoa, ameanza kusema jengo hilo lilikuwa na unyevu hata hivyo.

Kwanza nikueleze aibu uliyonipa. Niliisoma barua yako kwa sauti, na nilipofika kwenye mabirika mkazamjomba wako akashika kichwa. "Wanawapikia punda chai?" Tulibishana nusu saa kama ni ya maziwa au ya rangi, mpaka jirani akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba ni yale mabirika ya zege, ya kunyweshea. Kumbe kipaza sauti hakikuwa lazima.

Sasa sababu. Huyo Daktari ameuliza swali la haki, nami nilikujibu kihuni. Nitaandika mara moja, na ukija nyumbani usinitake niirudie.

Miaka kumi na moja iliyopita, wakati wa jua kali, lori la ng'ombe lilisimama mbele ya bucha langu. Karani wa kizuizi cha barabarani na dereva walibishana juu ya kibali, muhuri mmoja haukuwapo. Dereva akafunga mlango wake, akapanda gari la watu kwenda kuutafuta muhuri. Alirudi kesho yake jioni. Ng'ombe walibaki juu, wamebanana, hawawezi hata kulala. Toka bomba langu mpaka lile lori ni hatua ishirini. Nimezipima baadaye. Ndoo nilikuwa nazo nne.

Sikuwapa maji. Nilijiambia si ng'ombe wangu, mwenyewe akirudi atasema nimegusa mali yake, nitaingia kwenye kesi. Nikaendelea kuuza. Wateja walikuwa wakisema "masikini", wanachukua nyama yao, wanaondoka. Nami nilisema "masikini". Siku ya pili mmoja mwekundu alikuwa analamba chuma cha ubavu wa lori, analamba, analamba, mpaka akaacha. Alipokufa hakuanguka, kwa sababu nafasi ya kuanguka haikuwapo. Alikufa kasimama.

Mpwa wangu, nimechinja maisha yangu yote. Baba alinifundisha: kisu kikali, mkono mmoja, kwisha. Sijawahi kumwota hata mmoja niliyemchinja. Ile ilikuwa kazi. Huyu mwekundu sikumgusa hata kwa kidole, na ndiye ananijia.

Basi. Mpe Daktari karatasi hii asome mwenyewe. Akiona sifai, sawa.

Mimi nimetoa changu mezani. Zamu yako.

Mjomba wako

* * *

30 Juni

Sungura,

Wiki sita. Kama umekufa, tuandikie tujue. Mkazamjomba wako anasema huenda nimekuudhi, mama yako anasema huenda umepata mchumba, jirani anasema posta. Mimi sijasema kitu, na hapa nyumbani hiyo ni habari kubwa.

Daktari amekuja. Barua yangu alikuja nayo, kaisoma tena mbele yangu, kaikunja. Kafungua bomba langu, kaliacha likimwagika huku akitazama saa mpaka ndoo ikajaa, kisha akaniuliza kama naweza kuamka mapema. Nadhani nimekubaliwa.

Mjomba

* * *

14 Julai

Mjomba,

Sijafa. Wala hujaniudhi. Barua yako naibeba kwenye mfuko wa aproni, ina wino wa kiwandani kila kona, Daktari alinirudishia. Mara mbili nilikuandikia jibu nikalipitisha kwenye ile mashine mpya ya msimamizi. Inakata vizuri sana, hakunidanganya.

Niko salama. Nyumbani wasalimie wote. Hii usiisome kwa sauti, jirani asije akachangia.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, kundi letu lilikwenda alfajiri kwenye mabanda ya kuku wa mayai, nje kidogo ya mji. Tulikuwa watano. Mimi ndiye niliyebeba mkasi wa kukatia makufuli. Tulipanga vizuri, tulikuwa na ramani, hata mimi nilijisikia mtu wa maana. Kulikuwa na mlinzi mmoja, mzee, ana tochi na redio ndogo. Alitoka akisema, "Wanangu, mnatafuta nini?" Alituita wanangu, Mjomba. Mmoja wetu akampita kwa nguvu. Sijui alimsukuma au alimgonga tu. Mzee akaangukia ngazi ya zege kwa mkono. Niliisikia sauti. Wewe unaijua sauti ya mfupa, mimi nilikuwa siijui.

Nilikimbia. Hilo ndilo nilikuwa nalo mfukoni.

Na kuku hawakutoka. Tulifungua vizimba vyote wakakaa humo humo wakitutazama. Hawajawahi kukanyaga ardhi, wangetoka waende wapi? Wale tuliowatoa kwa mikono walielekea barabara kuu, na asubuhi ile malori yalikuwa mengi. Siku iliyofuata kundi likaandika kipeperushi, TUMEWAKOMBOA. Nilikichapa mimi. Nilikikagua, hakikuwa na kosa hata moja la herufi.

Baadaye nilisikia mlinzi amefukuzwa. Tajiri wake anasema ama alilala, ama alitufungulia mwenyewe. Anayejua kwamba hakulala ni mimi, na nimekaa kimya tangu mwezi wa tisa. Kwa hiyo ulipoandika unataka chama cha watu watulivu, ukanituma mimi nikuchagulie, nilicheka kwenye ile nafasi uliyoniachia, halafu nikaenda kujifungia bafuni.

Usimwambie mama.

Mpwa wako

* * *

25 Julai

Mpwa wangu,

Simwambii mama yako. Mkazamjomba wako ameniuliza barua inasema nini, nikasema una mafua. Amekuandalia tangawizi, itakuja na basi. Inywe, usinifanye mwongo.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilitaka kukuandikia maneno makali, nikakumbuka ndoo zangu nne, yakanipotea. Nikataka kukuandikia maneno laini, nikamkumbuka yule mzee, nayo yakanipotea. Kwa hiyo pokea haya yasiyo na ladha.

Yangu hayatengenezeki. Yule mwekundu alikufa, na hata nikinywesha mifugo ya dunia nzima yeye hatakunywa. Lakini mlinzi wako yu hai, ana nyumba, na nyumba ina mlango. Umenizidi bahati.

Nenda kagonge. Usiende na kundi, usiende na kipeperushi, usiende na hotuba. Usijieleze kwamba hukumsukuma wewe. Mwambie ulikuwepo, halafu nyamaza ufanye atakachosema. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, rudi siku nyingine, mradi usimchoshe.

Na tafadhali, mpwa wangu, nakujua unavyopenda kufika kwa watu na zawadi mkononi. Usimpelekee mayai.

Mjomba wako

* * *

24 Agosti

Mjomba, shikamoo,

Tangawizi ilifika, chupa imevuja ikalowesha mfuko mzima wa vifurushi kwenye basi, hata kondakta alikuwa amepona mafua. Mwambie mkazamjomba asante. Mwenzangu wa chumba ameipenda kuliko mimi, anasema inafungua sauti. Karudi kwenye kwaya.

Nilikwenda. Sikupeleka mayai. Nilipeleka sukari, na njiani nilijisemea kwamba wewe hukuikataza.

Nyumba yake iko nyuma ya kiwanda cha matofali, chumba kimoja na kibaraza cha saruji. Mkewe ndiye alifungua. Nikasema, "Nilikuwepo asubuhi ile." Mzee akasikia kutoka ndani, akasema, "Mwambie aende." Nikaenda. Sukari nikaiacha mlangoni. Wiki iliyofuata nilipogonga, mkewe akanirudishia ile sukari, haijafunguliwa. Wiki ya tatu walikuwa wanahamisha kabati, mkewe upande mmoja na yeye upande wa pili kwa mkono mmoja, maana ule mwingine haunyooki. Hakuna aliyenikaribisha wala aliyenifukuza, basi nikashika kona. Kabati lilipokaa mahali pake, mzee akaketi akiwa anahema, akaniuliza:

"Walipona wangapi?"

Nilidhani anauliza habari za wenzangu. Kumbe anauliza kuku. Nikasema sijui.

"Mimi najua," akasema. "Niliwaokota mmoja mmoja barabarani, na mkono huu unaning'inia, mpaka jua likachomoza. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekimbia."

"Eh," akasema. "Angalau umesema."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Hakufikiri hata kidogo, jibu alikuwa nalo kwa mwaka mzima. Akasema, "Mimi nimelinda lango lile miaka kumi na sita, sijalala hata siku moja. Kamwambie tajiri sikulala."

Kwa hiyo niliandika, Mjomba. Nilieleza kila kitu nilichofanya mimi, nikaandika kwamba mzee alikuwa macho, alitoka na tochi, aliuliza tunatafuta nini. Nikatia sahihi na mahali ninapofanya kazi. Nikaipeleka mwenyewe. Tajiri akasoma amesimama, akaketi, akasoma tena. Kisha akaniambia nisubiri polisi. Nikasubiri kwenye benchi lake kwa muda wa saa mbili hivi. Askari alikuja akaandika maelezo yangu, akauliza majina ya wale wengine. Nikasema yangu nimeyatoa, yao watayatoa wenyewe, nami nitawafuata niwaambie watoe. Hakufurahi. Akasema nirudi nyumbani, nitaitwa.

Sijaitwa bado. Msimamizi nimemweleza, amenibakiza kazini mpaka hapo itakapojulikana, ila haniachii tena niguse mashine yake mpya.

Mzee amerudishwa tangu Jumatatu, langoni hapana, yuko stoo ya chakula cha kuku, kazi ya kukaa. Nilipokwenda kumwona hakunishukuru, na hakuwa na sababu. Alinipa ufagio. Nikafagia stoo yote huku akinionyesha nilipopaacha. Ana jicho la mkaguzi, Mjomba, angefaa kiwandani kwetu.

Naogopa kidogo. Nimeona nikuambie wewe.

Mpwa wako

* * *

11 Septemba

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Goti limetulia. Mama yako anakuja kila siku nne, anasema anakuja kuona jengo linavyoharibiwa, lakini anakuja na kiti chake.

Maana sasa kuna cha kuona. Daktari na watu wake wamejenga birika la zege mbele ya baraza, refu kama meza ya karamu. Alhamisi ndiyo tulifungua. Niliamka mapema mno, nikakaa karibu na bomba nimevaa mabuti mapya kama bwana harusi. Lori la kwanza lilipunguza mwendo, nikasimama barabarani na kuinua mkono. Dereva akatoa kichwa, akanitambua.

"Wewe si yule wa bucha? Unataka kununua?"

"Nataka kuwapa maji."

"Halafu unataka nini?"

"Halafu uende zako."

Akazima injini, lakini mlango hakuufungua. Nadhani alidhani ni mtego, au ugonjwa. Daktari ndiye aliyemfafanulia, na kwa kuwa anatoa maelezo kama anayechoma sindano, dereva akateremsha ubao wa nyuma. Walikuwa kumi na wanne. Walikunywa, mpwa wangu. Sijui kama umewahi kusikiliza ng'ombe wenye kiu wakinywa pamoja, hawatoi sauti ya kulia wala ya kufurahi, ni koo tu zinafanya kazi. Mmoja alimaliza, akainua kichwa, akapiga chafya usoni kwangu. Mkazamjomba wako anasema nililia. Mwambie kwamba mtu aliyepigwa chafya na ng'ombe hawezi kutoa ushahidi wa macho yake.

Dereva alirudi kwa miguu baada ya kupakia. Akauliza kama Alhamisi ijayo tupo. Nikasema tupo. Hiyo tu. Akaenda.

Sasa yako. Umesema unaogopa kidogo. Nimekulea nusu ya likizo zako zote, kwa hiyo najua kidogo chako kina ukubwa gani. Nimemweleza mkazamjomba wako, samahani, mafua hayachukui miezi miwili na yeye si mjinga. Akaenda kuipiga pasi suti yangu.

Polisi wakikuita, niandikie siku, au mpigie yeye kwenye kipaza sauti, mtaa wote ujue. Usiende peke yako. Daktari atashika bomba. Mimi nitapanda basi la kwanza, nitakaa kwenye benchi lolote watakalokukalisha, upande wako wa kushoto kwa sababu sikio langu la kulia ndilo zima. Sitakutetea, maana ulichofanya ulikifanya. Wakiniuliza mimi ni nani na nimefuata nini, nitasema mimi ni mjomba wake, nimekuja kukaa naye.

Mjomba wako